Yadi waliandika kilomita 35 kwa lita, mimi napata 16 na nusu

SWALI

Habari za kazi, ndugu wa safu ya magari.

Nauza vitenge Kariakoo, nyumbani ni Kibaha. Mwezi wa tatu nilinunua Toyota Aqua ya mwaka 2012 kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam, shilingi milioni 16 taslimu, odometa ikisoma kilomita 62,000. Kilichonimaliza si rangi wala sura ya gari, ni karatasi. Kijana wa mauzo alikaa chini akaniandikia kwa mkono, kwenye karatasi yenye mhuri wa yadi, gari litanigharimu nini:

Mafuta: lita moja kilomita 35. Kwa kilomita 2,000 za mwezi ni lita 57, sh 171,000.
Sevisi: sh 60,000 kila kilomita 10,000.
Matairi: mapya, husumbuki miaka minne.
Betri ya haibridi: miaka kumi ijayo huigusi.
Leseni ya barabara ya mwaka: hakuna, kwa sababu ni cc ndogo.

Akapiga mstari chini, akaniambia, "Mama, ukijumlisha yote halifiki laki mbili kwa mwezi. Nauli na bodaboda unazolipa sasa zinakula zaidi ya hapo." Nikalipa.

Sasa ni mwezi wa tano niko nalo. Mwanangu aliyeko chuo alisema tuache kulalamika, tupime. Tukajaza tenki mara tatu, tukaandika lita na kilomita: wastani ni kilomita 16 na nusu kwa lita. Dashibodi yenyewe inasema 18.1. Sevisi ya kwanza fundi wa mtaani alinitoza 95,000 na akaweka oili ya 20W-50, akasema ile inayotakiwa ni ghali bure. Nataja na mengine, huenda yakawa na maana. Yadi walikuwa wamelinyanyua gari na kulifunga matairi ya 195/65R15, wakasema barabara zetu zinataka hivyo. Nyuma sipakii watu, kiti cha nyuma ni cha marobota ya vitenge. Na nikiwa kwenye foleni nasikia kitu kinavuma mgongoni kwangu kama feni. Mwanzoni nilidhani ni bajaji iliyosimama pembeni.

Nilirudi yadi. Wakaniambia nina mguu mzito, na kwamba hati ya mauzo imeandikwa "gari linauzwa kama lilivyo". Nimeibiwa, gari ni bovu, au kweli tatizo ni mguu wangu? Na mdogo wangu naye anataka Aqua hapo hapo. Nimwambie nini?

Mama Vitenge, Kibaha


JIBU

Mama Vitenge, pole na mahangaiko, na mpe hongera kijana wako. Wanaolalamikia ulaji wa mafuta ni wengi, wanaojaza tenki mara tatu na kuandika ni wachache, na bila hiyo hesabu tusingekuwa na la kukujibu.

Kwa kifupi, umedanganywa na gari lina kasoro, vyote kwa pamoja. Mguu mzito unaweza kukupotezea kilomita mbili au tatu kwa lita, hauwezi kula nusu nzima. Tuanze kwa kutenganisha uongo na ubovu, maana dawa zake ni tofauti.

Hiyo 35 kijana wa mauzo hakuitunga. Aqua ilipotoka Japani mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, na kwa kipimo cha zamani zaidi cha 10-15 ilitangazwa 40. Baada ya maboresho ya 2013 ikapandishwa hadi 37. Yadi nyingi hunakili namba hizi kutoka kwenye matangazo ya Japani. Sasa tazama JC08 yenyewe ni nini. Gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya chumba, linaendeshwa kilomita 8.17 kwa dakika 20 hivi, mwendo wa wastani kilomita 24.4 kwa saa, mwendo wa juu kabisa 81.6, na AC imezimwa. Hakuna jua la saa nane mchana pale Manzese, hakuna kilima cha Kimara, hakuna robota hata moja. Namba ya namna hii inafaa kwa kazi moja: kulinganisha gari na gari vilivyopimwa kwa kipimo hicho hicho. Ukiichukua ukaizidisha kwa kilomita za mteja na bei ya petroli ukamwandikia kama bajeti, hapo umeshamdanganya, hata kama namba ina asili yake.

Aqua iliyo nzima, ikiwa na matairi yake, AC inawaka, kwenye safari kama yako ya njia nane kutoka Kibaha hadi Kimara kisha foleni hadi mjini, hutoa kilomita 20 hadi 24 kwa lita. Tuchukue 22. Kwa kilomita zako 2,000, na petroli kwa bei ile ile ya 3,000 aliyotumia kijana, inakuwa hivi: karatasi ya yadi inasema lita 57, Aqua nzima ingekula 91, ya kwako inakula 121. Pengo lote ni lita 64 kwa mwezi. Lita 34 kati ya hizo ni za karatasi, na hakuna fundi atakayekurudishia, kwa sababu hazikuwahi kuwepo. Lita 30 zilizobaki, yaani kama sh 90,000 kila mwezi, ziko ndani ya gari lako na zinatafutika.

Lakini kwanza turekebishe kipimo chako, maana kuna kitu kinakipotosha na wewe mwenyewe umekitaja: matairi. Aqua za daraja la S na G hutoka kiwandani na 175/65R15, na L hutoka na 165/70R14. Tairi la 175/65R15 lina kipenyo cha milimita 608 hivi. La 195/65R15 walilokufunga lina 634. Ni kubwa zaidi kwa asilimia 4.3. Odometa haipimi barabara, inahesabu mizunguko ya gurudumu na kudhani ni tairi la kiwandani. Kwa hiyo kila odometa yako inaposema kilomita 100, umeshatembea 104 na kitu. Ulaji wako halisi basi si 16.5, ni karibu 17.2. Kipimamwendo nacho kinasoma pungufu kuliko kawaida yake, ulikumbuke hilo penye trafiki wenye tochi. Ile 18.1 ya dashibodi achana nayo: gari linakadiria petroli iliyopita kwenye nozeli, na mara nyingi hujipendelea.

Tairi pana na zito, juu ya spesa zilizonyanyua gari, linataka nguvu zaidi kulizungusha na gari linapokea upepo mwingi zaidi tumboni. Siku matairi hayo yakiisha rudi kwenye 175/65R15, na upepo jaza kama kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva kinavyosema, si kama kijana wa kujaza upepo anavyozoea. Na huo "upya" wa matairi usome ubavuni: tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2317 maana yake yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lenye kashata nene lililozeeka stoo si tairi la miaka minne ijayo.

Sasa tuje kwenye kinachotutia wasiwasi kuliko yote: kile kinachovuma mgongoni kwako.

Aqua ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri inayoendesha mota hiyo iko chini ya kiti cha nyuma. Ni modyuli, yaani vipande vya betri, 20 za nikeli, kila moja volti 7.2, jumla volti 144. Ikifanya kazi inapata joto, na haipozwi kwa maji, inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni ndogo kupitia tundu lenye vizuizi vya plastiki, chini, pembeni ya kiti cha nyuma. Ndiyo maana gari la namna hii linapenda AC: hewa baridi unayoisikia wewe ndiyo inayoipooza betri. Wewe kiti hicho umekijaza marobota. Tundu likizibwa, betri inachemka, kompyuta inaongeza mwendo wa feni, ndiyo hiyo sauti, na joto likizidi inapunguza kuitumia betri. Betri isipotumika, kazi yote inarudi kwa injini, mpaka kwenye foleni ambako haibridi ndiko inakookolea mafuta. Umenunua haibridi unaendesha gari la petroli lililobeba betri kama mzigo.

Kuna na jingine kwenye biashara yako. Vitenge vinatoa nyuzi. Nyuzi zikichanganyika na vumbi la Kibaha zinanasa kwenye mabawa ya ile feni na kujisuka kama sufi. Feni inazunguka, inapiga kelele, haisukumi hewa.

Kabla hujampa mtu senti fanya hivi. Toa marobota yote kwenye kiti cha nyuma, yapeleke buti na mengine kiti cha mbele, na lile tundu lisikaribiwe na chochote, hata kapeti. Lifyonze kwa mashine ya vumbi. Kisha mpelekee fundi anayejua haibridi afungue feni yenyewe aisafishe kwa brashi. Si kazi kubwa, lakini pale chini kuna nyaya za rangi ya chungwa, na hizo si za kuchezea. Fundi anayejijua atazima gari, atachomoa plagi ya usalama ya betri, atasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri kuwa wa mota, uishe, na atavaa glavu za umeme. Akianza kufungua bila hayo, funga mlango uondoke. Volti 144 hizo inveta huzipandisha hadi 520.

Baada ya usafi jaza tenki, sheli ile ile, pampu ile ile, acha ikate yenyewe mara moja na usiongeze. Tembea angalau kilomita 300, ujaze tena vile vile. Ukifika 19 au 20, tatizo lilikuwa joto na bado hujachelewa. Ukibaki 17, betri imechoka.

Unaweza kuipima uchovu mwenyewe ukiwa umekaa. Washa gari mpaka taa ya READY iwake, gia kwenye P, AC hadi mwisho, angalia mistari ya betri kwenye dashibodi. Betri yenye afya inaendesha AC kwa dakika kadhaa, inashuka polepole, injini inawaka kuijaza, inazima tena. Betri iliyochoka inaporomoka kutoka juu hadi mistari miwili kama lifti, injini inawaka, mistari inajaa haraka ajabu, kisha inaporomoka tena. Kujaa haraka watu wengi hudhani ni uzima. Ni kama ndoo iliyojaa mchanga: maji kidogo tu yanafika juu.

Kisha ipimwe kwa kompyuta. Mwambie fundi hutaki jibu la "iko poa", unataka karatasi au picha ya skrini yenye voltage za modyuli, ambazo gari linazisoma mbili mbili, zikipimwa gari likiwa linapanda kilima au linavuta, siyo limesimama. Jozi moja ikianguka mbali na wenzake wakati wa mzigo, hiyo ndiyo mgonjwa. Msimbo, yaani namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari hutunza, ukiwa P0A80, gari lenyewe limekiri kwamba betri inatakiwa kubadilishwa. Muulize pia kama kumbukumbu zina dalili ya misimbo kufutwa karibuni. Misimbo hufutwa asubuhi ya siku mteja anapokuja.

Utaambiwa kuna njia rahisi, kubadilisha modyuli moja iliyokufa. Inawezekana, na inakupa muda, lakini jua unachonunua. Zile 19 nyingine zina umri ule ule, na ile mpya katikati ya wazee itawafanya wazee wachoke upesi. Baada ya miezi michache unarudi kwa modyuli nyingine. Betri iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, betri iliyokarabatiwa hapa, na betri mpya ni bidhaa tatu tofauti. Ulizia bei ya kila moja kwa mafundi wawili, na waranti kwa maandishi. Ukitaka kujua ipi ni nafuu, gawa bei kwa miezi ya waranti, usigawe kwa miezi ya matumaini. Kiasi kinachotoka ndicho kilichotakiwa kuandikwa kwenye ile karatasi kama gharama ya mwezi. Sentensi "miaka kumi ijayo huigusi" kuhusu betri ya mwaka 2012 ni ubashiri wa mganga.

Oili. Injini ya Aqua, 1NZ-FXE, inataka 0W-20, lita 3.7 ukibadilisha na filta. Fundi wako aliona ughali akaona bora unene. Kwenye gari la kawaida injini inawaka asubuhi na kuzima jioni. Hii inawaka na kuzima mamia ya mara kwa safari moja, mara nyingi ikiwa haijapata joto vizuri, na kila mara inaanza kusukuma oili nzito ya 20W-50 kwenye vijia vilivyotengenezwa kwa oili nyepesi. Hapo unalipa petroli, na valvu za VVT-i hazikushukuru. Badilisha kila kilomita 5,000 hadi 7,500, si 10,000, kwa joto na foleni zetu. Kwa kilomita zako ni mara tatu hadi tano kwa mwaka. Ile 60,000 ya karatasi haikuwa na oili sahihi ndani yake.

Ukiwa hapo kwa fundi, kagua plagi nne za iridiamu kama hazijawahi kubadilishwa, maana muda wake ni kilomita 100,000. Na AC ikija kupungua gesi usilipeleke gari kwa fundi AC yeyote wa barabarani. Kompresa ya Aqua inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, ndani yake kuna oili maalumu ya ND-11. Akikuongezea oili ya kawaida ya PAG, umeme unaanza kuvuja ndani ya kompresa na siku moja gari linakataa kuwaka kabisa. Watu wameuziwa inveta kwa kosa la kopo la oili ya AC.

Upande wa pili, haki yake tuiseme: brekpedi za haibridi hudumu muda mrefu, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, na Aqua haina mkanda wa feni hata mmoja. Lakini pampu yake ya maji ni ya umeme na bei yake si ya pampu ya kawaida, na hakuna geji ya joto kwenye dashibodi, kuna taa tu. Kagua maji kwa macho.

Hiyo ya leseni ya barabara ilituchekesha kidogo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa Tanzania kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, kwa magari yote, cc ndogo na kubwa, na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta. Kijana alikuuzia kama sifa ya Aqua kitu ambacho hata mwenye V8 anacho. Na kwa kuwa fidia iko kwenye lita, gari lako linalokula 121 linalipa zaidi kuliko lingekula 91. Kitu ambacho hakukiandika kabisa ni bima. Bima kubwa kwa gari binafsi, kwa kiwango kilichozoeleka cha 3.5% ya thamani, ni sh 560,000 kwa milioni 16 kabla ya VAT, karibu 47,000 kwa mwezi. Mwambie pia wakala wako wa bima kwamba unabeba mzigo wa biashara. Siku ya ajali marobota hayajifichi. Bei ya petroli nayo haikai: EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bajeti iandike kwa lita, shilingi uzijaze baadaye.

Odometa. Gari lolote lililotoka Japani kihalali lilikuja na cheti cha kusafirisha nje, na nakala yake ilipita kwa wakala wa forodha. Dai nakala yadi. Mle ndani kuna kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa lazima wa Japani na tarehe zake. Miaka imeandikwa kwa enzi za wafalme wao: Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. Heisei 29 ni 2017, Reiwa 3 ni 2021. Kama Heisei 29 gari lilikuwa na 98,000, hiyo 62,000 yako imerudishwa nyuma, na maelezo ya betri kuchoka umeyapata bila kompyuta. Fungua pia mlango wa dereva, angalia kwenye fremu, au chini ya boneti: Wajapani hubandika kikaratasi cha oili chenye tarehe na kilomita. Wanaorudisha odometa husahau kukibandua.

Ukishapata vitu vitatu, yaani karatasi ya yadi yenye mhuri, ripoti ya betri na cheti cha Japani, ndipo urudi kwao, na usirudi kwa mdomo. Andika barua ya ukurasa mmoja, wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Usiende na hoja ya 35, watakujibu kwamba ni namba ya kiwanda na mtabishana hadi jioni. Nenda na betri waliyoiandikia miaka kumi, na odometa kama imechezewa. Omba kitu kinachotekelezeka: walipie betri au wachangie sehemu kubwa, na wakurudishie matairi ya saizi yake. Wape siku 14. Kurudishiwa milioni 16 kwa gari ulilotumia miezi mitano ni vita ndefu, isipokuwa odometa iwe imechezewa. Hapo dai lote.

Yale maneno "kama lilivyo" yasikutishe. Yanamkinga muuzaji kwa kasoro aliyokuachia uione mwenyewe, hayampi ruhusa ya kuandika uongo na kuugonga mhuri. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya aina hii. Waandikie ukiambatisha nakala, asili zibaki nyumbani. Jumbe zote za WhatsApp na yule kijana usizifute, zipige picha leo. Na usiruhusu betri ifunguliwe au ibadilishwe kabla ripoti haijachapishwa, la sivyo watasema fundi wako ndiye aliyeiharibu.

Mdogo wako asiogope Aqua, ila asiende yadi na karatasi tupu. Aende mapema asubuhi bila kuwaarifu, aguse boneti ya gari analolitaka: ikiwa ya moto, kuna mtu ameshalipasha kuficha jinsi linavyowaka likiwa baridi. Afanye lile jaribio la AC na mistari ya betri hapo hapo yadini, na akiwa amekaa asikilize pampu ya breki akikanyaga pedali mara tano. Sauti fupi ni kawaida. Ikiunguruma kila baada ya sekunde chache bila kukanyagwa, kitengo cha breki kinaishiwa na spea yake ni ghali. Aombe cheti cha Japani kabla ya kuomba punguzo. Wakimwandikia gharama za mwezi, awaambie waongeze mstari mmoja chini: "Gari lisipofika kilomita 20 kwa lita kwa kipimo cha tenki mbili ndani ya siku 30, yadi itagharamia ukaguzi na matengenezo ya betri." Wengi watakataa 35 iliyo hapo juu kabla hawajakataa huo mstari.